Sanamu ya mbao ya mungu wa Kigiriki: nyufa, ukungu, wadudu na mkuki uliovunjika

Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki, wa sentimita 40 aliyechongwa kwa mbao ya lindeni (mti wa Ulaya wenye mbao laini) huko Ulaya, akafungwa kwenye boksi na kufika Mombasa, Dar es Salaam au Maskati, atapata matatizo yake mengi kwa sababu moja: maji huingia na kutoka ndani ya mbao. Ufa, ukungu, kitako kinachotikisika, vanishi iliyogeuka nyeupe kama maziwa, vyote chanzo chake huwa hapo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na hewa ya chumba kabla ya kugusa mbao. Anayekimbilia gundi huziba ufa mmoja na kufungua mwingine.

Maelezo haya yanamfaa pia Zeus, Hermes, Athena au Artemis, na mbao nyingine kama mwaloni, mjozi na mzeituni. Pale zinapotofautiana imetajwa. Kama sanamu ni ya kale, au imepakwa rangi au jani la dhahabu juu ya tabaka la chokaa, pima hewa tu, kisha umwachie mhifadhi wa makumbusho kazi iliyobaki.

Vipimo vya kwanza

Tafuta kipima unyevu kidogo cha kidijitali, mizani ya jikoni, penseli yenye ncha kali na karatasi chache za kawaida za kuchapia. Vipima unyevu vya bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kijaribu kwanza. Jaza chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, halafu kifungie pamoja na kipima ndani ya kontena la plastiki lisilopitisha hewa. Baada ya saa 8 hadi 12 kipima kisome asilimia 75. Kikisoma 69, basi kila mara ongeza 6.

Weka kipima mahali sanamu inaposimama, siyo upande wa pili wa chumba. Andika asubuhi na usiku kwa siku 7. Mbao iliyokaa muda mrefu kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 30 hubaki na maji kama asilimia 6 ya uzito wake mkavu. Kwenye hewa ya 50 hubaki na 9, ya 65 na 12, ya 80 na 16. Pwani ya Afrika Mashariki hewa ya nje mara nyingi huwa karibu na 80. Chumba kinachopoozwa na kiyoyozi mchana kutwa kinaweza kushuka hadi 50. Nyumba ya Ulaya au Amerika Kaskazini yenye hita wakati wa baridi hufika 30 au chini yake.

Chukua sanamu ya gramu 2,000 iliyotulia kwenye hewa ya pwani, uihamishie chumba cha kiyoyozi. Itapoteza takriban gramu 120 za maji. Mwili wake wenye upana wa sentimita 15 utasinyaa karibu milimita 3 kwa upande unaofuata duara za umri wa mti. Milimita 3 hizo lazima zipatikane mahali fulani, na zikikosa nafasi mbao hupasuka. Ndiyo faida ya mizani: pima kila wiki, na uzito ukiendelea kushuka, sanamu bado inakauka na si wakati wa kuziba chochote.

Dalili: ufa

Si kila ufa una maana moja, kwa hiyo uangalie vizuri kwenye mwanga wa pembeni.

Ufa mmoja mrefu wa wima, mpana nje na unaozidi kuwa mwembamba kuelekea katikati ya mwili, karibu kila mara unatokana na kiini cha mti kuachwa ndani ya sanamu. Igeuze utazame chini ya miguu au chini ya kitako. Ukiona duara za umri zimekamilika kama shabaha, na doa dogo katikati, kiini kimo. Mbao husinyaa zaidi kwa kufuata duara kuliko kwa kuelekea katikati. Kwa lindeni ya Amerika, kutoka mbichi hadi kavu kabisa, ni takriban asilimia 9.3 dhidi ya 6.6. Gogo zima haliwezi kusinyaa hivyo bila kupasuka. Wachongaji wa Kijerumani wa mwishoni mwa zama za kati, Tilman Riemenschneider wa Würzburg akiwa mmojawapo, walilijua hili vizuri. Sanamu nyingi zao za lindeni zimechimbwa mgongoni na kiini kikatolewa. Ukiwa bado hujanunua, uliza kuhusu kiini kabla ya kuuliza bei.

Ufa ulionyooka kama umepigwa rula, unaopita usoni na kwenye vazi bila kujali mwelekeo wa nyuzi, ni maungio ya gundi yaliyoachia. Sanamu nyingi za leo hutengenezwa kwa mbao kadhaa zilizogundishwa kuwa bonge moja, jambo ambalo si baya. Maungio yakiachia, aidha gundi ilikuwa kidogo, au mbao ziligundishwa kabla hazijakauka sawasawa.

Nyufa fupi nyingi juu ya kichwa, mabegani au chini ya kitako ni za ncha za nyuzi. Huko nyuzi zimekatwa wazi kama mirija, maji hutoka haraka kuliko ubavuni. Hizi mara nyingi huonekana siku chache tu baada ya boksi kufunguliwa.

Mwisho kuna ufa ambao si wa mbao kabisa: utando wa vanishi pekee ndio umekatika. Pitisha ukucha, kama unakwama juujuu na huoni kina, ruka sehemu hii.

Sasa subiri. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe chini ya kitako, na upime upana kwa vipande vya karatasi: karatasi moja ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, hivyo karatasi 10 zikiingia kwa kubana, ufa ni milimita 1. Rudia kila wiki kwa wiki 4 angalau. Wakati huo sogeza sanamu iwe mita 2 au zaidi kutoka kwenye tundu la kiyoyozi, mbali na dirisha la jua, na kamwe isikae juu ya friji au televisheni. Ukiweza kukishikilia chumba kati ya asilimia 50 na 60 mchana na usiku, nyufa nyingi nyembamba hupungua zenyewe. Kuyumba kila siku kutoka 80 usiku hadi 50 mchana ni kubaya kuliko kukaa 70 moja kwa moja; kiyoyozi kinachowashwa kwa muda wa saa 4 kisha kuzimwa ndicho kinachoua sanamu pwani.

Wagiriki wenyewe walihangaika na jambo hili hili. Pausanias, aliyezunguka Ugiriki katika karne ya 2 baada ya Kristo, anaeleza kwamba Zeus wa Olympia, aliyefunikwa pembe za ndovu na dhahabu, alilindwa kwa mafuta ya zeituni kwa kuwa eneo lile ni la kinamasi. Athena wa Akropoli ya Athens alihitaji maji, kwa sababu kilima ni kikavu. Na Asklepios, mungu wa uganga, wa Epidaurus hakupewa mafuta wala maji, kwani kiti chake kilijengwa juu ya kisima. Sanamu tatu, hewa tatu, dawa tatu. Plinius, mwandishi wa Kirumi, naye anaeleza kuhusu Artemi wa Waefeso, huyo huyo anayetajwa katika Matendo ya Mitume: sanamu yake ya mbao ilikuwa na matundu mengi ya kutilia mafuta ya nardo ili maungio yasiachie. Usiige hili la mafuta kwa lindeni yako. Sababu iko mbele, kwenye sanamu inayonata.

Vipimo vikitulia, ziba hivi:

Ufa chini ya milimita 1: nta. Yeyusha nta ya nyuki kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto (huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi), changanya na rangi ya unga ya kahawia kidogo kidogo mpaka ikaribie rangi ya mbao, iache ipoe, kisha isukume ufani kwa kijiti cha mbao. Futa kwa kitambaa kikavu. Nta hubanwa na kutanuka pamoja na mbao, na siku yoyote inatolewa.

Ufa wa milimita 1 hadi 5: kabari ya mbao ya aina ileile, au nyepesi zaidi, nyuzi zake zikielekea kulekule kwa nyuzi za sanamu. Ichonge iwe nyembamba ndani, pana nje. Paka gundi upande mmoja tu, iingize kwa kidole bila nyundo, na ukate kinachozidi kwa patasi baada ya saa 24. Upande usio na gundi unaiacha mbao icheze. Ukigundisha pande zote mbili msimu wa ukavu, mvua zitakapokuja mbao itatanuka, itakuta kabari imekaza, na itapasuka pembeni mwake. Hivyo hivyo ndivyo putty ngumu na mchanganyiko wa gundi na unga wa mbao vinavyoharibu, ingawa mafundi wengi huvipenda kwa kuwa vinamalizika siku moja.

Maungio yaliyoachia: ingiza gundi nyeupe ya mbao kwa bomba la sindano, funga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa kwa kubana, futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji kidogo, iache siku nzima. Gundi hiyo haishiki juu ya gundi kuukuu iliyokauka, kwa hiyo kama unaona tabaka linalong'aa ndani, likwangue kwanza kwa wembe mwembamba.

Ufa unaozidi milimita 5, au unaopita usoni, unastahili fundi mchongaji mwenye subira. Uso ukishaharibika haurudi.

Dalili: utando mweupe

Hapa watu wengi hukosea, kwa sababu vitu vitatu tofauti hufanana.

Puliza hewa ya vuguvugu kwa mashine ya kukaushia nywele kutoka sentimita 30, kwa sekunde 10. Utando ukitoweka na kuacha mng'ao, ni nta au mafuta yaliyopanda juu. Futa kwa kitambaa laini, basi. Kama weupe uko ndani ya utando wenyewe, haufutiki wala haunuki, ni shelaki au laka (aina za vanishi) iliyonasa unyevu ilipopakwa siku ya mvua. Mara nyingi hupungua chumba kikikauka. Usipopungua, kitambaa kilichonyunyiziwa spiriti kidogo sana, kikipitishwa haraka bila kusugua, hulainisha shelaki na kuuachia unyevu. Jaribu kwanza chini ya kitako.

Kama unatoka kwa brashi kama unga au nyuzinyuzi, una harufu ya stoo iliyofungwa, na unarudi baada ya wiki, ni ukungu. Ukungu huota hewa inapokaa juu ya asilimia 70 hadi 75, hasa kwenye mikunjo ya ndevu na nyuma ya vazi ambako vumbi limejaa. Toa sanamu nje, vaa barakoa, piga brashi laini kuelekea mbali nawe. Kisha tumia kijiti cha pamba chenye spiriti ya asilimia 70, mahali kidogo kidogo, lakini tu kama finishi si shelaki, kwa maana spiriti huiyeyusha. Kwenye shelaki tumia brashi peke yake na uibadilishe hewa. Usitumie dawa ya klorini ya kufulia: hupausha mbao, maji yake huinua nyuzi, na mizizi ya ukungu hubaki chini. Ukutani usiiegemeze sanamu. Acha nafasi ya sentimita 5 nyuma ipite hewa.

Dalili: inanata au inanuka mafuta

Mtu amepaka mafuta ya kupikia, ya nazi au ya zeituni. Mafuta hayo hayakauki milele. Hukusanya vumbi, huchacha, na huiacha mbao ikiwa na rangi ya kahawia iliyokosa uhai. Ya nazi, ambayo pwani ndiyo yapo karibu na mkono, yana tabia ileile. Mafuta yanayokauka ni ya kitani (linsidi) na ya tung, nayo yakipakwa mazito hunata vilevile kwa wiki nyingi.

Futa kwa kitambaa chenye tapentaini, ukigeuza upande safi kila mara, mpaka kitambaa kisichukue tena rangi. Kwa mafuta yaliyozama, funika sehemu kwa unga wa talki usiku mzima, piga brashi asubuhi, rudia mara 3 au 4. Halafu acha wiki 2 hewani kabla ya kupaka chochote. Ukipaka linsidi, iwe tabaka jembamba kabisa: paka, ngoja dakika 15, futa yote inayofutika, subiri saa 48 (zaidi mvua zikinyesha), ndipo la pili. Matabaka 2 yanatosha.

Vitambaa vilivyolowa linsidi vinaweza kuwaka moto vyenyewe vikikunjwa na kutupwa kwenye pipa. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja au vizamishe kwenye kopo la maji. Hili si la kupuuza hata kwa kitambaa kimoja.

Dalili: matundu na unga

Weka karatasi nyeusi chini ya sanamu, igonge taratibu vumbi la zamani litoke, futa, weka karatasi mpya. Ziba kila tundu kwa nta laini. Baada ya wiki 2 tazama: tundu jipya au unga mpya kwenye karatasi ni wadudu hai. Matundu bila unga mpya ni historia tu, hayahitaji dawa.

Unga wenyewe unasema ni nani. Ukiwa laini kama poda ya mtoto na matundu ya duara ya milimita 1 hadi 2, ni bungua wa unga, anayependa sehemu ya nje ya mti yenye wanga, hasa ya mwaloni na mjozi. Lindeni ina vinyweleo vidogo na kwa kawaida haimvutii. Unga wenye chembe unaousikia kati ya vidole, matundu ya milimita 1.5 hadi 2, ni bungua wa fanicha wa Ulaya, na huyu huipenda lindeni. Chembe kavu kama mbegu ndogo au mchanga, zenye pande 6 ukizitazama kwa lenzi, zinazoanguka kwa vilundo, ni mchwa wa mbao kavu. Huyu ndiye wa kuogopwa pwani, kwa sababu anaishi ndani ya sanamu bila kuhitaji udongo wala maji, na huacha ganda la nje likiwa zima. Gonga kwa ukucha: sauti ya debe tupu ni dalili mbaya.

Tiba bora kwa sanamu ya mbao isiyo na rangi wala dhahabu ni baridi. Ifunge kwa taulo ya pamba, itie ndani ya mfuko mzito wa plastiki, toa hewa yote, ufunge kwa tepu. Iweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Friza inayofika 20 chini ya sifuri, wiki 1 kamili. Ikitoka, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo unyevu wa chumba utatua juu ya mbao baridi kama umande. Kama umeme hukatika kwenu, anza kuhesabu upya kila friza inapopata joto.

Dawa ya boraksi hufanya kazi kwenye mbao tupu tu, haipenyi vanishi. Dawa za permetrini huua bungua, lakini ni sumu kali kwa paka. Kuianika kwenye jua ndani ya mfuko mweusi huua baadhi ya wadudu na huipasua sanamu kwa uhakika zaidi. Kama sanamu ilikaa karibu na fanicha nyingine, zikague pia.

Dalili: inatikisika au kitako kimebenuka

Kitako hubenuka kwa sababu juu kimepakwa vanishi na chini kimeachwa tupu, hivyo upande mmoja hunywa maji na mwingine haunywi. Paka chini finishi ileile, idadi ileile ya matabaka, kisha kipe miezi 2. Bandika vipande 3 vya feliti badala ya 4, tatu hazitikisiki.

Kama ufa umetokea pale miguu inapokutana na kitako, angalia jinsi vilivyofungwa. Nyuzi za mwili husimama, za kitako hulala. Vikigundishwa eneo lote, kimoja hukataa mwenzake asisinyae. Fungua, ondoa gundi, weka skrubu 1 tu katikati, ya shaba au chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kwenye mwaloni au mjozi huacha doa la bluu-nyeusi, kutu na tanini vikikutana.

Dalili: mkono au mkuki umevunjika

Mbao ina nguvu kwa urefu wa nyuzi na ni dhaifu zikikatwa fupi. Mpini wa mkuki wa Poseidon, ukifuata nyuzi za wima, unaweza kuwa na unene wa milimita 6 na usivunjike. Kile kiungo cha mlalo kinachobeba meno matatu kinazikata nyuzi, na ndipo panapovunjika. Mkono ulionyooshwa mbele una kasoro ileile, pamoja na radi ya Zeus na mabawa ya viatu vya Hermes. Mchongaji hodari huchonga mkono kwa kipande tofauti ambacho nyuzi zake zinafuata mkono, au huuacha uguse mwili au vazi. Basi kama umevunjika bila kugongwa, tatizo liko kwenye mchoro wa kazi, na gundi peke yake itaachia tena.

Usipige msasa sehemu zilizovunjika. Meno ya nyuzi yanakutana sawasawa kama yalivyo, na msasa huyafuta. Jaribu kuunganisha bila gundi kwanza. Pakikaa bila nafasi, endelea.

1. Kwa kipande chenye unene wa milimita 8 au zaidi, weka pini ya ndani. Kijiti cha mshikaki cha mwanzi, milimita 3, kinafaa kabisa. Chomeka kipini kidogo kilichokatwa kichwa upande mmoja, bana pamoja, kitaacha alama mahali hasa pa kutoboa upande wa pili.
2. Toboa kwa mkono, kina cha milimita 8 kila upande, kwa keekee ya milimita 3.
3. Kwangua mfereji mdogo ubavuni mwa kijiti ili gundi iliyozidi ipate pa kutokea. Bila hivyo kijiti hugeuka pistoni, huibana gundi na kupasua mbao.
4. Gundi nyeupe ya mbao, tabaka jembamba pande zote mbili. Bana kwa ukanda wa tyubu kwa saa 1, usiuguse kwa saa 24.

Chini ya milimita 8, gundi bila pini. Supa gluu hushika haraka lakini ni kavu, huvunjika kwa mshtuko mdogo na huacha doa kwenye lindeni. Epoksi itumike tu pale vipande vidogo vimepotea na pana shimo la kujaza.

Kifaa cha mkononi kimepotea

Kabla ya kuchonga mkuki mpya, hakikisha ni Poseidon. Mwanamume mwenye ndevu, uchi, mkono wa kulia juu, anaweza kuwa Zeus. Hata wataalamu hawajamaliza ubishi: sanamu ya shaba ya mita 2.09 iliyotolewa baharini karibu na rasi ya Artemision mwaka 1926 na 1928, iliyopo sasa Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia huko Athens, imepoteza silaha yake, na wengine humwita Zeus, wengine Poseidon.

Tazama ngumi. Tundu linalopita wima toka juu hadi chini lilishika mpini mrefu: mkuki wa meno matatu, au fimbo ya enzi ya Zeus. Tundu la mlalo na mkono uliorudishwa nyuma ya kichwa lilishika kitu cha kurusha. Tazama na miguuni: pomboo au mawimbi ni Poseidon, tai ni Zeus. Nyoka mmoja kwenye fimbo ni Asklepios. Wawili ni Hermes. Zeze ni Apollo, nyundo na koleo ni Hephaistos, majani ya mzabibu na kikombe ni Dionysos. Kama kitako kina alama ya duara pembeni mwa mguu, mpini ulitua hapo, na umbali kutoka alama hadi ngumini utakupa mwinamo wake.

Pima tundu la ngumi kwa kijiti unachokisugua polepole mpaka kiingie bila kulazimisha, halafu chonga mpini mwembamba kuliko hapo kwa milimita 0.5, kwa sababu ngumi nayo husinyaa. Meno yachonge kwa kipande cha pekee, kila jino nyuzi zake zikielekea juu, uyaunge mpinini kwa pini. Mpini wenyewe usiugundishe kwenye ngumi. Ubane kwa tone la nta, ili utoke pindi sanamu inaposafirishwa tena.